Ukuta wa darasa ukipasuka, lawama iende kwa nani: fundi, Mkurugenzi, Mbunge, Waziri au Rais?

Leja_ya_Stoo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Picha za miradi iliyoharibika haziishi mtandaoni. Ukuta wa darasa umepasuka kuanzia dirishani hadi kwenye linta. Zahanati ina kenchi lakini haina bati. Kituo cha kuchotea maji kimezungushiwa uzio mzuri, koki hazijawahi kutoa tone. Chini ya picha kuna kambi mbili: ya kwanza inamporomoshea Mbunge na Waziri matusi, ya pili inajibu kwamba Rais kashaleta hela, watendaji ndio wanaomwangusha. Mabishano yanafika kurasa kumi na hakuna aliyetaja hela iliingia akaunti gani, wala cheo kilichosaini itoke.

Kwa mtazamo wangu kambi zote mbili zinamfichia mtu. Ukilaumu "wakubwa" kwa ujumla wao, aliyesaini anakaa kimya anasubiri upepo upite. Ukimlaumu mtendaji peke yake, aliyepanga bajeti mbovu anapanda jukwaani na yeye kusema amesikitishwa sana.

Maswali ya kuanzia ni mawili tu. Hela ilikuwa chini ya kalamu ya nani? Na nani alikuwa na kikao cha kuizuia, akakaa kwenye kikao hicho, akachukua posho, akanyanyuka?

Kalamu kwanza. Mwenye kalamu anaitwa Afisa Masuuli. Wizarani ni Katibu Mkuu, si Waziri. Mkoani ni Katibu Tawala wa Mkoa, si Mkuu wa Mkoa. Kwenye halmashauri ni Mkurugenzi, si Mwenyekiti wala Mbunge. Mbunge ana mkono wake kwenye Mfuko wa Jimbo, ambako kwa sheria ya 2009 yeye ndiye mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi. Huko akisema hajui hela ilikwenda wapi, mcheke.

Halafu angalia mradi ni wa nani, maana hapa ndipo watu wengi wanampigia kelele asiyehusika. Maji ya vijijini yalitoka halmashauri mwaka 2019, yako RUWASA (wakala wa maji vijijini) chini ya Wizara ya Maji, kwa hiyo Mkurugenzi wa halmashauri hana tena mhandisi wa maji wa kumwamrisha. Barabara za wilaya ni wakala wa TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni wakala wa TANROADS. Zahanati na kituo cha afya ni halmashauri, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Wizara ya Afya. Shule ya msingi na sekondari ni halmashauri kwa majengo na walimu, mitaala ni Wizara ya Elimu.

Kikao sasa. Baraza la Madiwani linakaa kila baada ya miezi mitatu na kupokea taarifa za miradi kutoka kata kwa kata. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inakaa kila mwezi na inaona mapato na matumizi. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza hilo. Yule anayesimama bungeni kusema "nami nashangaa" ana mihtasari ya vikao hivyo kabatini kwake.

Karibuni tuchambue. Matusi tuyaache nje.

---

Kijiwe_Nongwa

Mkuu umeandika vizuri ila naona unawapa wakubwa mwavuli. Mkurugenzi kateuliwa na nani? Mkuu wa Wilaya kateuliwa na nani? Na hiyo TAMISEMI unayoizunguka, wizara inayosimamia halmashauri, imekuwa Ofisi ya nani? Kama mteuzi ni mmoja, lawama nayo ipande hadi kwa huyo mmoja. Usitupeleke kwa VEO, mtendaji wa kijiji.

---

Leja_ya_Stoo

Kijiwe_Nongwa, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. TAMISEMI imewahi kukaa Ofisi ya Rais na imewahi kukaa Ofisi ya Waziri Mkuu. Ilipokuwa Ofisi ya Rais, aliyepandisha lawama ya halmashauri hadi Ikulu alifuata ngazi zilizoandikwa kwenye kichwa cha barua yenyewe. Ninachokataa ni kupandisha kila kitu. Kuna kuharibika kwa juu na kuna kuharibika kwa chini, na havifanani kabisa ukivitazama kwa karibu.

Chukua madarasa ya fedha za UVIKO. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa Sh trilioni 1.3, mkopo kutoka IMF, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (vituo vya watoto walio mbali na shule mama). Kila darasa Sh milioni 20, na yalitakiwa yakamilike kabla wanafunzi hawajaingia Januari 2022.

Sasa tazama uamuzi wenyewe. Milioni 20 ni ile ile kwa shule iliyo kilomita tano kutoka kiwanda cha saruji na kwa shule ambayo saruji inafika kwa lori, kisha kwa trekta. Muda ni ule ule kwa kila halmashauri, kwa hiyo nchi nzima inaingia sokoni mwezi mmoja kutafuta saruji, bati na mafundi wale wale. Mwenye duka anajua una tarehe ya kukabidhi. Mwalimu mkuu hawezi kukataa bei.

Darasa likibaki bila plasta kijijini kwa sababu usafiri ulikula bajeti, hilo si la VEO wala la fundi. Hilo limeamuliwa na aliyepanga kiwango kimoja kwa nchi nzima. Mpigie kelele Waziri, anastahili.

Lakini darasa la kilomita tano kutoka kiwandani, milioni 20 imefika yote, ukuta umepasuka baada ya mvua moja? Hapo ukimtaja Rais umemnusuru mtu wa chini.

---

Nondo_12

Niongeze upande wa saiti, maana ukuta ukipasuka unasema wenyewe ni nani kakosea kama unajua kuusoma.

Tuseme sakafu ni mita 7 kwa 9, jamvi (zege la sakafu) unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 6.3. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula takriban mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo jamvi peke yake ni kama mifuko 40. Ukikuta hati za stoo zinaonyesha iliyotoka kwa kazi ya jamvi ni mifuko 28, kilichomwagwa pale ni 1:3:6, hata kama mchanganuo wa gharama umeandika 1:2:4. Mifuko 12 imetembea. Hakuna haja ya mkaguzi kutoka Dodoma, kikokotoo cha simu kinatosha.

Tofali: mfuko mmoja unatoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6. Mkifyatua 50 kwa mfuko mmoja mmepata tofali za kubomoka kwa kidole. Hata zile 35 lazima zimwagiliwe siku saba zikiwa kivulini. Kazi ya kukimbizana na tarehe, kumwagilia ndiko kunakofutwa kwanza, kwa sababu hakuonekani kwenye picha ya makabidhiano.

Nyufa zenyewe:

Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana upande mmoja kuliko mwingine, mara nyingi msingi umekaa vibaya. Aidha udongo ni mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kunywea kiangazi, na ramani ya wizara haikubadilishwa kufuata udongo, au kifusi kimejazwa kwa mkupuo mmoja bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka la sentimita 15. La kwanza ni la mhandisi aliyepeleka ramani bila kupima udongo. La pili ni la fundi na msimamizi wake.

Ufa wa kulala unaofuata chini ya linta, hasa kwenye kona: nondo hazikupishana. Nondo ya milimita 12 inatakiwa ipishane na mwenzake sentimita 50 hadi 60 na ikunje kona. Mafundi wengi wanakata nondo kwenye kona, kila ukuta unakuwa na linta yake, upepo ukipiga paa kila ukuta unakwenda kwake. Na ukibomoa kidogo ukakuta milimita 10 wakati stakabadhi inasema 12, basi kosa limeanzia dukani, au kwenye kamati ya mapokezi iliyohesabu nondo bila kuzipima.

Bati vivyo hivyo. Geji 28 na geji 30 ukiziweka chini huoni tofauti. Geji 30 ni nyembamba. Mtu akipokea kwa macho amepokea hasara.

Kwa hiyo swali "nani alaumiwe" fundi analijibu hivi: niambie ufa uko wapi.

---

Mama_Kamati

Asante Nondo_12, ila usituache sisi wa kamati na mzigo tusioujua. Kwenye fosi akaunti (shule au kijiji kujenga wenyewe kwa mafundi wa kawaida, bila mkandarasi) kuna kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wajumbe ni walimu, wazazi, watu wa serikali ya kijiji. Wanaitwa, wanapewa semina ya nusu siku, wanasaini. Hakuna aliyepewa kipimo cha nondo. Mhandisi wa halmashauri ni mmoja, miradi thelathini, gari moja, mafuta yakipatikana. Anafika msingi umeshafukiwa.

Ikifika siku ya lawama, mihtasari yote ina sahihi za wazazi. Ya mhandisi haipo kwa sababu hakufika.

---

Nondo_12

Mama_Kamati, hapo umepiga penyewe. Kutokuwepo kwa sahihi ya mhandisi ni ushahidi dhidi ya mhandisi, si dhidi yenu. Kuna hatua nne ambazo kazi isiendelee bila yeye kuandika kwenye daftari la saiti: mtaro wa msingi kabla ya zege, nondo za linta kabla ya kufungia mbao, kenchi kabla ya bati, na mwisho kabisa. Kamati ikiandika tarehe iliyomwita na tarehe aliyofika, hata kama hakufika, imejitoa. Daftari la kurasa 96 tu.

---

Wakili_wa_Kata

Naona mnachanganya lawama za aina tatu na kila moja ina mlango wake.

Kuna jinai: fedha imeibwa, nyaraka zimeghushiwa. Hiyo ni TAKUKURU na polisi, na inamfuata mtu binafsi, kiongozi au fundi.

Kuna nidhamu ya utumishi: uzembe, kukiuka taratibu. Hapa viongozi wetu wanapenda sana maonyesho. Mkubwa anasimama jukwaani, "Mhandisi yuko wapi? Simama hapa! Kuanzia leo huna kazi." Umati unapiga makofi. Sheria ya Utumishi wa Umma inataka mamlaka ya nidhamu impe mtumishi hati ya mashtaka, muda wa kujitetea kwa maandishi, kamati ya uchunguzi, ndipo uamuzi. Hatua hizo zikirukwa, mtumishi anakata rufaa, anashinda kwa utaratibu tu bila hata kugusa kama darasa lilipasuka au la, anarudishwa kazini na kulipwa mishahara aliyoikosa. Aliyeharibu darasa analipwa na mwananchi mara ya pili. Ukisikia mtu "katumbuliwa" mkutanoni, usishangilie. Uliza hati ya mashtaka imetoka tarehe ngapi.

Na zile saa 48 za rumande ambazo Wakuu wa Mikoa na Wilaya wanazitoa kama peremende? Zimo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, na zinahusu mtu anayehatarisha amani. Mhandisi aliyechelewesha kalavati hahatarishi amani ya mtu.

Aina ya tatu ni wajibu wa kisiasa, ambao Kijiwe_Nongwa anauzungumzia bila kuutaja jina. Huu hauhitaji kuthibitisha kwamba Waziri aliiba au hata kwamba alijua. Unasema: jambo kubwa limeharibika chini ya dhamana yako, ondoka. Kwa Waziri Mkuu kuna ibara ya 53A ya Katiba, kura ya kutokuwa na imani: hoja iwe na sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote na imfikie Spika siku 14 kabla. Kwa Waziri wa kawaida hakuna kura ya namna hiyo. Anaondoka kwa hiari yake au kwa kalamu ya Rais.

---

Kabati_la_Hansard

Wakili kafungua kabati langu. Wanaosema Tanzania hakuna utamaduni wa kuwajibika wanasahau, na wanaosema upo nao wanatia chumvi.

Ali Hassan Mwinyi aliacha Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watuhumiwa waliouawa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Huo ndio wajibu wa kisiasa ulivyo, na haukumzuia kuwa Rais 1985.

Februari 2008, Edward Lowassa alijiuzulu Uwaziri Mkuu kwa sakata la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura, baada ya kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake. Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka naye.

Mwaka 2012 ndio unaofaa zaidi kwa uzi huu. Ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali) ilisomwa Aprili, Zitto Kabwe akazungusha karatasi ya sahihi dhidi ya Waziri Mkuu Pinda, zikapatikana 70 na zaidi. Hoja haikupigiwa kura, ile ya siku 14 ikaingia katikati. Lakini Mei, Kikwete akapangua baraza na mawaziri sita wakaachwa nje, wa Fedha na wa Nishati wakiwamo.

Desemba 2013, Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili. Waliowatesa wananchi ni askari wa operesheni, walioondoka ni mawaziri wanne: Kagasheki, Nchimbi, Nahodha na Mathayo. Mwaka mmoja baadaye sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow likamwondoa Mwanasheria Mkuu Werema na Tibaijuka Desemba 2014, Muhongo Januari 2015.

Angalieni kinachofanana. Kuanzia Richmond, kote kulikuwa na karatasi mezani: ripoti ya kamati au ya CAG, yenye kurasa na majina. Kelele za mtaani zilikuwepo, tena nyingi, lakini Waziri hakuondolewa na kelele pekee. Ndiyo maana mwaka 2019 uliuma. Profesa Assad alisema CAG anatoa ripoti lakini hatua hazichukuliwi na kwamba kwa lugha ya kawaida huo ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa na Spika, Aprili Bunge likaazimia halitafanya kazi naye, Novemba akawa si CAG tena. Mtoa karatasi ndiye aliyewajibishwa.

---

Gatuzi_Langu

Habari zenu majirani. Huku Kenya tuna tatizo lilo hilo ila limegeuzwa kama nguo, ndani ikawa nje. Tangu ugatuzi mwaka 2013, kila kitu kinarushiwa gavana. Mtu analala njaa, gavana. Barabara kuu ina mashimo, gavana, na barabara hiyo ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya kitaifa. Shule ya msingi haina walimu, gavana, ilhali kaunti zilipewa chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini, walimu wa msingi ni wa TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Kwa upande mwingine dawa zikikosekana hospitali ya kaunti, gavana anasema Nairobi haijatuma mgao. Jedwali la Nne la Katiba limeandika kazi za kila upande, wanasiasa wetu wanalijua kwa moyo, na ndiyo maana wanawaacha wananchi wasilijue.

Kwa vile Wakili ametaja milango, sisi tuna mmoja ambao ningependa muutazame. Ibara ya 226(5): mwenye wadhifa wa umma, *hata wa kisiasa*, akielekeza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria, analipa hasara hiyo mwenyewe, awe bado ofisini au ametoka. Neno la maana hapo ni "akielekeza". Mwanasiasa hasaini hundi, anapiga simu. Kuthibitisha simu ndiyo shughuli, kwa hivyo karani mwerevu anayeshurutishwa huandika: "kufuatia maagizo yako ya mdomo ya tarehe fulani, naomba uthibitisho kwa maandishi". Barua hiyo ikikosa jibu, mara nyingi agizo nalo hufa.

---

Wakili_wa_Kata

Ndugu yangu Gatuzi_Langu, hiyo barua ya "naomba uthibitisho kwa maandishi" inafanya kazi hata huku. Afisa Masuuli akilazimishwa, anapinga kwa maandishi. Akinyamaza akasaini, mzigo ni wake peke yake na mkubwa ataapa hajawahi kumpigia simu.

---

Kijiwe_Nongwa

Sawa, nimeelewa, nimelegeza kidogo. Ila mwananchi wa kawaida aanzie wapi? Ripoti ya CAG ni kurasa mia kadhaa. Na halmashauri yetu kila mwaka tunaambiwa imepata hati safi. Hati safi na choo kimetitia, inawezekanaje?

---

Leja_ya_Stoo

Hapa ndipo wanasiasa wanapotupiga chenga kila mwaka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Hati inayoridhisha", ambayo madiwani wanaiita hati safi na kuipigia vigelegele, inasema jambo moja: vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na havina makosa makubwa ya kumpotosha msomaji. Haisemi hela ilitumika vizuri. Ukinunua choo cha milioni 12 kwa milioni 30 ukaandika milioni 30 na ukaambatanisha stakabadhi, vitabu viko sawa. Chini ya hati hiyo ipo hati yenye shaka, kisha hati mbaya, kisha CAG kushindwa kabisa kutoa maoni. Kwa hiyo kiongozi akijitetea kwa hati safi, hajajibu swali la choo.

Kinachojibu swali la choo ni *hoja za ukaguzi*. Ruka kurasa za mbele, nenda kwenye jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Kila hoja imeandikwa hali yake: imetekelezwa, inaendelea, haijatekelezwa, imejirudia. Hoja iliyojirudia miaka mitatu ni ya nani? Mwaka wa kwanza naweza kumpa Mkurugenzi. Mwaka wa tatu, Wakurugenzi wawili wameshapita, Baraza ni lile lile, TAMISEMI ni ile ile. Hapo lawama imehama ngazi yenyewe bila kusukumwa, na hapo Kijiwe_Nongwa nakupa ushindi wako: panda nayo juu.

Mfano wa hoja sugu ni mapato ya mashine za POS: mkusanyaji anakata risiti stendi au sokoni, hela haifiki benki. Mwingine ni mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ule mgao wa 4, 4 na 2. CAG aliandika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi mwaka hadi mwaka, mpaka Aprili 2023 serikali ikausimamisha utaratibu wote. Vikundi vilivyokuwa vinarejesha navyo vikakaa bila mkopo. Kuuruhusu mchezo hadi dawa ikawa kufunga duka, huo ni uamuzi wa kisiasa na una wenyewe.

Kalenda nayo itawasaidia. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Hesabu zinakwenda kwa CAG ndani ya miezi mitatu. Ripoti inakwenda kwa Rais mwisho wa Machi, na ibara ya 143 inataka ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Rais asipoiwasilisha, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Kisha zinakuja kamati mbili za Bunge za hesabu: PAC inawaita wa serikali kuu, LAAC wa halmashauri.

Lakini kikao kitamu kuliko vyote kiko wilayani kwenu: Baraza maalumu la kujadili hoja za CAG. Kwa kawaida linakaa kati ya Mei na Juni, Mkuu wa Mkoa anakuwepo, na vikao vya Baraza ni vya wazi. Ukumbi unakuwa nusu tupu upande wa wananchi. Wale wanaojaza maoni mia tatu mtandaoni, viti thelathini vya nyuma haviwaoni.

Halafu Juni yenyewe iangalieni kwa makini. Hela ya mradi ikifika wiki ya mwisho ya Juni, Mkurugenzi ana njia mbili mbaya: aiache irudi Hazina, au alipe kazi ambayo haijafanyika. Wengi wanalipa. Ukiona hati ya malipo ya tarehe 28 Juni na msingi umechimbwa Agosti, Mkurugenzi ana kosa la kulipa, na Hazina ina kosa la kuchelewesha. Mtaje kila mmoja kwa lake.

---

Wakili_wa_Kata

Na mkiandika, andikeni vizuri. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa ya uongo kwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kwa hiyo usiandike "Mkurugenzi kala milioni nane". Andika: "Milioni 20 zilipokelewa tarehe fulani. Hati za stoo zinaonyesha mifuko 28 kwa jamvi. Mchanganuo unataka 40. Mkurugenzi atueleze mifuko 12 iko wapi." Hakuna neno la uongo hapo, na ni kali kuliko tusi.

Nyaraka unazipataje? Kwanza mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yanasomwa pale, omba yaingie kwenye muhtasari. Ukinyimwa, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: barua kwa Mkurugenzi, taja waraka kwa jina lake (mchanganuo wa gharama, leja ya stoo, muhtasari wa kamati ya mapokezi), usiandike "naomba taarifa za mradi". Wana siku 30. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa mapokezi masjala, bila mhuri hukuandika.

---

Mama_Kamati

Nakala tatu. Moja wanabaki nayo, moja yako, moja kwa diwani, na kwenye ile ya diwani mwandikie juu kwamba ni nakala. Akiwa na nakala yenye mhuri hawezi kusema kwenye Baraza kwamba wananchi hawajalalamika.

---

Nondo_12

Na mkifika saiti kabla plasta haijapigwa, pigeni picha za nondo za linta kwenye kona zote nne, mkiweka futi kamba pembeni isomeke. Plasta ikishapita hakuna ushahidi mpaka ukuta wenyewe uongee.

---

Kijiwe_Nongwa

Futi kamba ninayo. Linta ya darasa la pili wanafunga Jumatatu.